Mpiga Mzinga wa Ngomeni

Mwongoza wageni aliwasimamisha watu mbele ya mzinga, akawaonyesha Mzee Kombo aliyekaa kitini. "Huyu ndiye askari aliyeupiga kila magharibi ya Ramadhani, mji mzima ukafuturu."

Nyuma yao, Mzee Chande aliyasikia hayo kwa wivu. Mpigaji alikuwa yeye. Kombo alishika ndoo ya maji tu!

"We Chande!" Kombo aliita. "Njoo tupigwe picha, sahibu, au bado umeninunia?"

Chande akaenda, akasimama penye tundu la kuwashia baruti, mahali pake pa zamani.

"Tayari? Moja, mbili..." mgeni mmoja alihesabu.

Mkono wa Chande ukainuka wenyewe. Kombo, huku akitabasamu, akaziba masikio kwa vidole.