Ngiri na Tawi la Mwiba

Alikuwako Ngiri, bingwa wa pikipiki, asiyependa kula vumbi la mwenziwe. Kwenye uwanja wa wanyama wote, sheria ilikuwa moja: njia yenye tawi la mwiba haipitwi. Digidigi, mlinzi wa uwanja, alikuwa ameliweka kwenye njia ya korongoni iliyomegwa na mvua. Asubuhi Ngiri akalihamishia kwenye njia nyingine iliyo salama, ili wenzake warudi nyumbani, abaki nayo peke yake.

Hawakurudi. Akiwa kileleni mwa njia hiyo aliona Pundamilia na wanawe, kila mmoja na pikipiki yake, wakishika njia ya korongoni.

"Simameni! Mbele hakuna njia!"

"Mzoeeni huyo," Pundamilia akawaambia wanawe. "Kila njia anataka iwe yake."

Wakaongeza moto. Ngiri akalirudia tawi, akalinyakua kwa meno, akakata kichakani, akalibwaga mbele yao. Breki zikalia. Kokoto zikaporomoka korongoni, wasizisikie zikifika chini.

"Bwana Ngiri, umetuokoa!" Pundamilia akalia.

Digidigi akafika akihema. "Tawi langu umelitoa wapi?"

Mdomo wa Ngiri ulijaa miiba na damu. Akaishukuru miiba, maana ilimpa sababu ya kutojibu.