Usiuchanganye

Wewe ungenyamaza? Mwaka ule baridi ya Aprili ilibabua machipukizi ya mizabibu yetu, Juni mvua haikukatika, kisha jua la Agosti likaviivisha vishada vichache vilivyosalia mpaka vikanata vidoleni.

Mume wangu, Anselme, aliuonja mvinyo wa mwaka huo, akakunja uso, akavuta jagi la mvinyo wa miaka ya nyuma ili achanganye. Shampeni yetu lazima iwe na ladha ileile, kila mwaka, nami miaka yote nilikuwa namtazama tu.

"Huu una ukali," alisema.

"Kama wewe."

Nikaifunika glasi yake kwa kiganja. Ubaridi wake ukanipanda hadi kwenye kiwiko.

"Mama watoto, toa mkono."

"Sitoi. Huu utie chupani peke yake, uuandike mwaka wake."