Vipande vya Jackton

Mutie alikifunga kile chuma kwa gazeti, akanyoosha mkono kumpa Rispa, lakini hakukiachilia.

"Mama Perez, wiki tatu nachonga hii kitu na sijui ni nini. Ama bwanako anaunda ndege?"

"Yeye ndiye anajua."

"Haya. Siku moja mtapita hapa juu ya Makadara mkinipungia mkono, na mimi sina habari."

Rispa alicheka kidogo. Alilifungua gazeti papo hapo, akakigeuza chuma huku na huku, akipitisha kidole kwenye kila tundu.

"Ungekuwa wewe, hapa ungefunga nini?"

Mutie aliinua mikono juu. "Usinitege, mama! Jackton aliniapia, siku nitaanza kukisia, kazi imeisha."

Ndivyo alivyopanga Jackton. Mashine yake ya kwanza, ya kukatia sukuma wiki, aliiweka nje watu waione. Wiki haikuisha, kila fundi wa Jogoo Road alikuwa na yake. Kwa hiyo hii ya pili, iliyomfanya aache kazi ya reli miaka mitatu iliyopita, aliigawa. Fundi mmoja Makadara, mmoja Kariobangi, mmoja Umoja, na hawajuani. Hata mchoro hakuchora. Alisema karatasi ina miguu. Kwenye fomu ya maonyesho ya wabunifu alijaza maneno mawili tu: mashine mpya.

Maonyesho yalikuwa kesho asubuhi. Mwenye kukosa kuleta kitu kinachofanya kazi, meza yake anapewa mwingine, na mwaka ujao hata jina lake halisomwi.

Kipande cha Kariobangi Rispa alikuwa ameshakichukua. Kilibaki cha Umoja. Huko fundi Nuradin alimpa fimbo ya chuma, ndefu, inang'aa kama sahani mpya.

"Mzee hajambo? Zamani angekuja mwenyewe, anigombeze kwanza ndio achukue."

"Yuko nyumbani."

"Mwambie nimeinyoosha vile alitaka. Hata akiilaza juu ya kioo, haoni mwanga ukipita chini yake."

"Nitamwambia," Rispa akasema. Hakuondoka mara moja. Alisimama akiziangalia ncha mbili za ile fimbo, moja nene, moja nyembamba, mpaka Nuradin akamuuliza kama kuna kasoro.

"Hakuna. Umefanya vizuri sana."

Nyumbani alitandika leso sakafuni, akavipanga vyuma vyote vitatu mbele ya kiti cha mumewe. Alivifuta vumbi kimoja kimoja. Kisha akapiga magoti.

"Jackton, nimevileta vyote. Tafadhali, niambie tu tulikuwa tunaunda nini."

Jackton aliviangalia vile vyuma kwa muda, halafu akamwangalia yeye, akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayempokea mgeni asiyemjua.

"Karibu, mama," akasema. "Umetumwa na nani?"