Hodi ya Mama Nguchiro

Wanyama walipokuwa bado wanasomeshana, Nungunungu alikuwa mwalimu, na darasa lake lilikuwa shimoni mwake. Somo la kwanza lilikuwa hodi.

"Piga hodi, kisha ungoje uambiwe karibu," aliwafundisha. "Kwangu hasa, maana nikishtuka, miiba husimama yenyewe."

Wote walilishika somo isipokuwa mtoto wa Nguchiro. Asubuhi moja aliingia mbio, mwalimu akashtuka, mwiba ukamchoma puani. Akarudi kwao analia.

Mama Nguchiro alipandwa na hasira. "Kila siku shule, shule, na hodi yenyewe haijui! Huyo mwalimu anafundisha nini?"

Akamshika mwanawe mkono. Njiani alijitoma kwa jirani yake Panya, akafunua chungu, akachota uji wa kumbembeleza mtoto, akatoka. Panya alibaki ameduwaa na upawa mkononi.

Walipofika shuleni, mama alijitoma vilevile, kelele zikimtangulia. Mwalimu, aliyekuwa ameupa mlango mgongo, akashtuka. Mwiba ukamchoma mama puani.

"Mwalimu! Hata mzazi unamchoma?"

"Mwiba haumjui mzazi, mama," alijibu Nungunungu akiuchomoa polepole. "Unajua hodi tu."

Mtoto aliitazama pua ya mamake, akaigusa yake, uso ukamng'aa.

"Umeona, mwalimu? Mimi somo nimelishika. Kwetu ndivyo tunavyoingia."