Fundi Saa Alipoacha Sigara

Binti alipekua droo zote za nyumba ya wazazi wake, moja baada ya nyingine. Alitoa nyembe, dawa ya panya, vidonge vya usingizi na vya presha. Akavifungia vyote kabatini, na ufunguo akamkabidhi mama yake.

"Baba asijue uko wapi."

"Atajulia wapi?" Mama alisema, akaupiga fundo kwenye pindo la nguo yake. "Miwani yake tu haioni, na iko usoni."

Baba yake alikuwa fundi saa. Sigara haikumtoka mdomoni tangu binti hajazaliwa. Alivuta akiwa ameinamia saa za watu, na Mama ameketi ng'ambo ya meza akishona vifungo, moshi ukimpitia yeye kwanza ndipo utoke dirishani. Mapafu ya Mzee yalipogoma, daktari alisema basi, na Mzee akaacha siku hiyohiyo.

Daktari alimvuta binti pembeni.

"Ubongoni mna vipokezi, vidogo mno. Nikotini ya sigara hukaa juu yake kama mtu kwenye kiti chake, na moyo huzoea hivyo. Viti vikibaki vitupu ghafla, wengine huzama. Hawalali, hawacheki, mwisho wanaona heri wasiwepo. Hii plasta ina nikotini, itamshusha polepole. Lakini aliyeuzoea moshi ule, msimpe kisogo."

Hawakumpa kisogo. Binti alipitia kila jioni akitoka kiwanda cha nguo. Jirani, fundi viatu, alikuja kucheza karata, akijifanya mjinga ili Mzee ashinde. Mama ndiye aliyembandika plasta begani kila asubuhi, akiikandamiza kwa kiganja mpaka ishike, halafu akimpulizia ngozi kama mtoto aliyejikwaa.

"Mnanilinda kama benki," Mzee alilalamika.

"Benki ina hela," Mama akajibu. "Wewe una nini?" Kisha akamgeukia binti. "Na sigara zenyewe nimevuta mimi. Huyu alikuwa ananunua tu."

Walicheka wote watatu.

Baadaye Mama aliacha utani. Binti aliona ni uchovu wa kuuguza. Mchuzi uliungua, vifungo vikalala kwenye kopo lao. Usiku Mama alikaa macho, akisema anasikiliza Mzee anavyopumua. Binti akamletea mto laini wa kiti.

"Pole na kazi, Mama."

"Nimechoka tu, mwanangu. Hebu muulize baba yako kama ameshiba."

Mzee alikuwa ameshiba, tena ameomba kuongezwa. Alikuwa anapiga mluzi juu ya saa za watu, na alimwahidi fundi viatu kumtengenezea yake bure. Binti hakuufurahia mluzi ule. Alikwisha kusikia kwamba mtu akishaamua kufa, hutulia, hata huchangamka, watu wake wakadhani amepona.

"Usimwache peke yake," alimnong'oneza mama yake mlangoni. "Hata kidogo."

"Nenda kapumzike," Mama alisema, akamshika shavu. "Umemtunza vya kutosha."

Kesho yake fundi viatu alipiga simu kiwandani.

"Njoo hospitali, dada yangu. Mengine utayakuta huku."

Binti aliacha nguo chini ya sindano ya cherehani. Njia nzima alijilaumu: aliuona uchangamfu ule, aliujua, na bado akaenda kulala. Hospitalini hakuuliza mtu. Alipanda ngazi mpaka wodi ya wanaume, akapita kitanda hadi kitanda akitafuta kichwa chenye mvi. Kila alichokiona kilikuwa cha mzee wa watu wengine. Mwisho akakuta kitanda kitupu, kimetandikwa upya.

Muuguzi alimuuliza ni wa nani, akamsikiliza, akamshika mkono. "Pole sana, dada," alisema, na taratibu akamwongoza hadi upande wa pili wa korido, penye mlango wa wodi ya wanawake.

Mzee alikuwa amesimama pale, amekumbatia viatu vya mkewe, na mkononi ameshika ufunguo wa kabati.

"Mimi sijambo, mwanangu," alisema. "Mlinichunga vizuri sana."