Mtungi wa Buluu

Mtungi ulikuwa umejaa, ukanda umeshafungwa, na hakukuwa na mtu wa kumtwika.

Mbinya aliangalia juu, akaangalia chini. Jumapili saa tisa, ibada imekwisha, na mfereji wote ulikuwa wake peke yake. Lita ishirini haziendi mgongoni zenyewe, hasa mgongo ukiwa na miaka sabini na miwili. Anayekufuata kwenye foleni ndiye hukuinulia, nawe unaweka ukanda kwenye paji la uso, unaenda zako. Sasa foleni yenyewe ilikuwa ni yeye.

Alimwaga nusu, akabeba iliyobaki kwa mkono, akapumzika mara saba. Kila akipumzika alisema neno moja: "Wamenifukuza."

Mambo yalianza na rangi. Mfereji huu wa juu ya soko la Kalamba ni mmoja, nyumba ni kumi na moja, na mwezi uliopita watu walirushiana mitungi hapo kama mawe. Ndipo Kanyiva, katibu wa kamati ya maji, akapita nyumba kwa nyumba na daftari, akimuuliza kila mtu kwa siri: ukifika mferejini, hungependa kumkuta nani? Kwa Mbinya alikunywa chai vikombe viwili. Mbinya alianza na Kasiva, kwa sababu ya ungo alioazima akaurudisha umetoboka. Kanyiva aliandika, akageuza ukurasa, akaandika.

Wiki iliyofuata alirudi na mikebe minne, akapaka vishikio vya mitungi. Nyekundu ni Jumatatu na Alhamisi. Kijani, Jumanne na Ijumaa. Njano, Jumatano na Jumamosi. Buluu ni Jumapili, na mtungi wa buluu ulikuwa mmoja tu, wa Mbinya.

"Hii si bure," Mbinya alijiambia.

Alijaribu kuutegua mpango huo wa rangi kama anavyotegua vitendawili, na kwa vitendawili hakuna wa kumshinda mtaani. Wa nyekundu wana nini pamoja? Si ukoo. Si kanisa. Kasiva na Kyule, wote wa nyekundu, hawana hata jirani mmoja wa pamoja. Basi jioni ya Jumapili ile alimngoja Kasiva kwenye ua.

"Kasiva, kitendawili."

"Tega, mama."

"Watoto kumi na mmoja, mablanketi manne. Kumi wamelala wamebanana, mmoja analala peke yake. Kwa nini?"

Kasiva alifikiri, akacheka. "Hapo nimeshindwa. Sema mji nikupe."

"Nipe Kathonzweni."

"Chukua Kathonzweni yote na soko lake. Haya, jibu?"

Mbinya alichukua Kathonzweni, lakini jibu hakuwa nalo.

"Mama, Jumapili ijayo nitakuja nikutwike," Kasiva alisema. "Nimesikia ulibeba kwa mkono."

"Umesikia kwa nani?"

"Si watu tu."

Watu! Kwa hivyo alikuwa akiangaliwa. Na huyu anataka kuja kuona aibu kwa karibu.

Jumatatu asubuhi alikuta mtungi wa lita ishirini langoni, umejaa, kishikio chekundu, herufi K kubwa ubavuni. Kyule. Kyule yule ambaye mbuzi wake walimaliza mbaazi za Mbinya mwaka ule wa njaa. Mbinya alinusa yale maji. Hakuyatia mdomoni. Aliyamwagia mchicha, kisha siku tatu akawa anachungulia kama utakauka. Mchicha ulinawiri, naye akazidi kushuku.

Siku ya nne alimkuta Kanyiva kibarazani akipepeta ndengu.

"Bomba linapita shambani kwangu," Mbinya alisema, hata salamu hakutoa. "Mtaro niliuchimba na jembe langu. Nikitoka hapa bila maneno ya kueleweka, nalikata, na tukose wote."

"Karibu kiti, Susu, bibi yangu."

"Sikai. Nionyeshe mlivyonipangia."

"Ni siri ya watu."

Lakini daftari lilikuwa pale juu ya gunia, na mkono wa Mbinya haukuwa umezeeka kama mgongo. Alilifungua katikati. Aliona maduara kumi na moja, kila moja na jina, na mistari ikipita kati yake.

Kanyiva alipumua, akaweka ungo chini. "Sawa. Penye mstari, hao wawili hawawezi kupewa rangi moja. Na rangi lazima ziwe chache, kwa sababu siku za wiki ni saba tu. Ni hesabu. Hata ratiba ya mitihani hupangwa hivyo, mtoto asijikute ana karatasi mbili wakati mmoja."

Mbinya hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameliona duara lake katikati ya ukurasa. Kutoka maduara mengine ilipita mistari miwili, mitatu. Kwake ilijaa kama miiba ya nungunungu. Aliihesabu kwa kidole. Kumi.

"Kumi! Hata mke wa Muindi, ambaye nilimzalisha mtoto kwa mikono hii? Nyumba zote, Kanyiva? Hakuna hata moja inayotaka kuniona?"

"Susu..."

"Ningejua, ningewaachia maji yenu zamani."

"Susu, vaa miwani." Kanyiva alisema polepole, kama mtu anayeshika yai. "Kila mstari una mshale mwishoni. Mshale unatoka kwa aliyetaja, unaenda kwa aliyetajwa."

Mbinya alitoa miwani kwenye fundo la leso, akaivaa. Alifuata mshale wa kwanza kutoka kwake hadi kwa Kasiva, wa pili hadi kwa Kyule, na mingine yote hadi wa kumi. Kisha akarudi kwenye duara lake, akalizunguka polepole kwa kidole, akitafuta hata mmoja uliokuwa ukija kwake.