Mhanga na Shimo la Bei Nafuu

Enzi wanyama wakipangishana mashimo, Mhanga alivuka mto na mwanawe, akaenda ugenini kutafuta maisha. Huko kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaja kodi ya kumliza mgeni.

Ngiri peke yake alimwonea huruma. "Dada yangu, lile lililobomoka nitakupa kwa kikapu cha mizizi tu. Litengeneze, ukae raha mustarehe."

Mhanga akachimba masika yote, mpaka kucha zikalika na shimo likawa kavu, pana. Mwanawe akaanza kucheka usingizini.

Ndipo Ngiri alipokuja na Fisi, akalikagua shimo, akatabasamu. "Limependeza, dada. Sasa kodi imepanda, na Fisi anaimudu."

"Lakini nimelichimba mimi, kaka."

"Nani amekataa? Ndiyo maana nimekuwekea jingine bondeni. Nalo limebomoka."

Mhanga akambeba mwanawe. Akiteremka kilima aliyatazama mashimo ya watu, akazitambua alama za kucha kwenye kuta zake. Yote yalichimbwa na wahanga wenzake, ila waliomchungulia kutoka ndani walikuwa ngiri na fisi.

Wingu lilikuwa limetanda. Alipofika bondeni alimlaza mtoto kwenye majani, akaanza kuchimba.